UZI: Komiki za leseni na upangaji wa fremu. Nani anajua kwa nini GI Joe namba 21 ilitoka vile?

Kalamu_Nyeusi
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua kitambo nikaona nikilete hapa. Komiki za leseni, yaani zile kampuni inakodi jina la sinema au mdoli wa watu halafu inatoa kitabu, wengi wanazichukulia kama tangazo tu lenye kurasa. Mimi nasema hapana. Kwenye upangaji wa fremu, yaani vile visanduku vya picha kwenye ukurasa, baadhi yake zinazipiga bao komiki nyingi za mashujaa wanaosifiwa kila siku. Mfano wangu ni G.I. Joe namba 21 ya mwaka 1984, Marvel, leseni ya Hasbro wenye midoli ya askari wa G.I. Joe. Ndani hakuna neno hata moja. Hakuna kiputo cha maneno, hakuna maelezo juu ya fremu, hakuna hata ile "paa" ya ngumi. Snake Eyes, komando wa G.I. Joe, anaingia kwenye ngome ya maadui zao Cobra kumfuata mwenzake Scarlett aliyetekwa, na unaelewa kila kitu, nani yuko wapi, nani kamzunguka nani, nani ameshtukiwa. Larry Hama ndiye aliyeandika na kupanga kurasa, Steve Leialoha akamalizia michoro. Swali langu, hii ilitokeaje kwenye kitabu cha kuuzia midoli? Karibuni.

buda_wa_Umoja
Hakuna neno hata moja na kava imeandikwa GI Joe herufi kubwa hivyo? Soma vizuri mkuu 😂

Kalamu_Nyeusi
Buda nimeandika NDANI. Soma wewe.

FundiWino
Uzi mzuri. Hadithi inayosemwa sana ni kwamba muda ulibana, ratiba ilikuwa imechelewa, kwa hiyo kutoa toleo bila maandishi kulipunguza kazi ya mtu mmoja kwenye mnyororo. Ukitoa mwandika herufi umeokoa siku. Mimi naiamini hiyo kwa sababu ndivyo kazi za magazeti zilivyo, vitu vizuri vingi vimezaliwa na haraka.

Salma_wa_Mvita
@FundiWino sikubaliani. Hama mwenyewe ameshaeleza kuwa alitaka kuona kama anaweza kutoa hadithi kamili, yenye mwanzo na katikati na mwisho na wahusika wanaoeleweka, bila viputo wala maelezo wala sauti. Sasa mtu aliyebanwa na muda hachagui njia ngumu. Ukiandika maneno unaweza kuficha ukurasa mbovu, mchoro haueleweki unaweka kiputo kimoja "Haraka, mlango wa nyuma!" yameisha. Bila maneno kila fremu inabeba mzigo wake yenyewe na hakuna pa kujificha.

Nafundisha sanaa kidato cha pili hapa Mombasa na nina zoezi moja, nabandika vikaratasi juu ya viputo vyote vya ukurasa halafu nawauliza watoto nini kimetokea. Kurasa nyingi za komiki maarufu zinafeli hapo, watoto wanabaki wanakisia. Ukurasa wa Al Williamson wa Empire Strikes Back, komiki ya sinema ya Star Wars, haukufeli. Walisema huyu anamdanganya yule, na ni kweli, walilijua kwa jinsi Lando alivyosimama tu.

FundiWino
Haraka na nia vinaweza kukaa pamoja dada Salma. Mtu ana wazo kichwani miaka, siku ratiba inapobana ndiyo analitoa.

JichoLaTatu
Ninyi wote mnaruka kitu. Mnajua Hama alitoka wapi? Alikuwa msaidizi wa mchoraji wa komiki Wally Wood. Na ile karatasi ya "Paneli 22 za Wally Wood" inayozunguka kwa wachoraji dunia nzima, aliyeiunganisha ni huyo huyo Hama. Wood alikuwa anajichorea vielelezo vya kujikumbusha namna ya kuchora kurasa za watu wanaongea tu bila kuchosha, kichwa kikubwa, kisogo, kivuli kitupu, mtu mzima kwenye fremu isiyo na mstari wa pembeni, taa kutoka upande mmoja, kitu kimoja kikubwa mbele na watu wadogo nyuma. Hama akavikata akavibandika karatasi moja akaanza kuigawa pale Marvel kwa kutoa fotokopi. Kwa hiyo namba 21 haikuanguka toka mbinguni. Aliyeipanga ni mtu aliyekuwa na sanduku zima la zana, na zana zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya kurasa za maongezi, yeye akazitumia pale ambapo hakuna maongezi kabisa.

Kalamu_Nyeusi
@JichoLaTatu asante, hiyo ya Wood sikuwa nayo. Nimeitafuta karatasi yenyewe sasa hivi, ile ya kisogo ni kitu rahisi sana lakini inafanya kazi.

MtaaWaPili
Mimi jibu langu ni la pesa. Hasbro walikuwa wanatangaza komiki yenyewe kwenye TV, na kwa katuni zinazosogea. Kulikuwa na masharti Marekani kuhusu kiasi cha katuni unachoweza kuweka kwenye tangazo la mdoli, lakini tangazo la kitabu halikubanwa hivyo, basi wakatumia mlango huo toka 1982. Maana yake kitabu kilikuwa kinauzika tayari, wahariri hawana presha, mwandishi anaachiwa ajaribu. Uhuru wa mchoraji unatoka kwa mhasibu wakuu, tusizungushe.

Rangi_na_Kivuli
@MtaaWaPili uhuru gani bwana. Mimi nimechora kijitabu cha kampuni fulani ya sabuni, watoto wanacheza uani wanachafuka wanaoga, hadithi fupi tu. Ukurasa wa tatu ulirudishwa mara kadhaa kwa sababu pakiti ya sabuni ilikuwa ndogo kwenye fremu. Nilikuwa nimeiweka mbali juu ya kisima, mtoto anaitazama, jicho la msomaji linafuata jicho la mtoto hadi kwenye pakiti. Wakasema hapana, isogezwe mbele. Nikaisogeza, ikamfunika mtoto, ukurasa ukafa pale pale. Kwa hiyo mwenye mali akiingilia fremu hakuna kitu kinabaki. Kama Hasbro waliacha, waliacha kwa sababu hawakuwa wanaangalia kwa karibu, siyo kwa sababu ya matangazo.

buda_wa_Umoja
Pole msanii. Hiyo sabuni nayo ilisafisha ukurasa wote 😂

Mzee_Kipanya_Mdogo
Naomba nilete hoja tofauti kabisa. Angalieni wahusika wenyewe. Snake Eyes amevaa kinyago na haongei. Rom wa Marvel, leseni ya mdoli wa Parker Brothers, kichwa chake ni bati na macho mawili mekundu. Darth Vader kofia. Transformers vyuma. Godzilla uso wa mjusi. Mdoli hana uso unaosogea! Mchoraji wa Spider-Man mwenyewe anakata tamaa mapema anamvua kinyago tu tumwone Peter analia. Mchoraji wa Rom hana hiyo njia. Huzuni ya Rom lazima itoke kwenye mabega, kwenye umbali, kwenye ukubwa wa anga juu yake, yaani kwenye fremu. Sal Buscema aliifanya hiyo kazi miaka, mabega ya Rom yakiinama unajua. Kwa hiyo mimi nasema leseni ya mdoli inamlazimisha mchoraji ajue kupanga ukurasa kwa sababu uso umekufa.

Salma_wa_Mvita
Mzee hapo umenigusa. Na mwisho wa namba 21 unakubaliana na wewe, ufunuo wote hautoki usoni kwa mtu, unatoka mkononi. Kile chale chekundu, yaani tatuu, mistari sita, mzima na uliokatika kwa kupokezana, kipo kwenye mkono wa Storm Shadow, ninja wa Cobra, halafu mwishoni nguo ya Snake Eyes imechanika na chale ni kile kile. Hakuna aliyesema "wewe ni ndugu yangu". Msomaji ndiye anayeunganisha fremu mbili kichwani mwake. Storm Shadow ndiyo kwanza anatokea kwenye toleo hilo, humjui, na ukifunga kitabu una maswali ya miaka.

KisaChaConan
@Mzee_Kipanya_Mdogo na Conan je? Conan ni leseni pia, Marvel walikodi toka kwa wenye mali ya Robert E. Howard wakaanza 1970. Uso anao, kifua anacho, na bado kurasa ni moto. Barry Windsor-Smith mwanzoni kisha John Buscema. Nenda kwenye Savage Sword of Conan, ile nyeusi na nyeupe toka 1974, Buscema penseli na Alfredo Alcala wa Ufilipino wino. Fremu moja ya ukuta wa mji, kila jiwe limechorwa, kila jani, na bado unamwona Conan kwanza. Hoja yako ya uso imeanguka.

FundiWino
Hapo kwa Alcala mimi nina kesi. Wino wake mzuri mno lakini ulimfunika Buscema. Buscema anapanga umbo kwa mistari michache yenye nguvu, mkono unaelekea huku, upanga huku, jicho linateleza. Alcala anajaza kila mahali kwa mistari midogo midogo mpaka jicho linasimama kila kona kutazama. Picha moja moja ni za kutundika ukutani, ila ukurasa unakwenda taratibu. Picha nzuri na ukurasa mzuri si kitu kimoja.

KisaChaConan
Taratibu ndiyo sahihi kwa Conan! Ule mji una miaka elfu, unataka nikimbie?

Rangi_na_Kivuli
Nipo na KisaChaConan. Ila nakubali kwenye pambano Alcala anachosha kidogo.

nyota_ya_Lushi
Jambo bandugu, toka Lubumbashi. Ninyi mnasema Marekani tu. Huku sisi tulikulia na albamu za Ubelgiji na Ufaransa, mstari safi, fremu zimepangwa safu safu, na mchoraji ana muda. Mmarekani anatoa kitabu kila mwezi, lazima atafute ujanja. Ndiyo maana mnaona fremu zinapasuka zinapinda, ni haraka ile, siyo sanaa. Mi napenda fremu ikae kimya, hadithi ndiyo itembee. Tazameni mchoraji wetu Barly Baruti, hakuna haja ya kupasua fremu.

JichoLaTatu
Ndugu nyota karibu. Lakini mfano wako unasaidia hoja ya mwanzisha uzi, maana na Carl Barks ni vile vile, bata wa Disney, leseni tupu, safu nne za fremu karibu kila ukurasa, mambo yametulia, na watu wa Ulaya ndio wanaompenda kuliko hata Wamarekani. Aliyemleta Scrooge mwaka 1947 ni yeye, siyo studio. Kazi yake ilitoka bila jina lake kwa miaka mingi, wasomaji walikuwa wanamwita tu mchoraji mzuri wa bata, walimtambua kwa mkono wake. Hakuna fremu iliyopasuka pale na bado ukifunika maneno unacheka.

Tatu_Msomaji
Jamani mimi mgeni hapa. Star Wars ya 1977 si walichora baada ya kuona sinema? Carmine Infantino ndiye alichora zile sita za mwanzo nadhani, na mimi naona zimechorwa ovyo, Jabba hafanani kabisa.

KisaChaConan
@Tatu_Msomaji hapana dada. Matoleo kumi ya mwanzo ni Howard Chaykin, Infantino anaanza namba 11. Na namba 1 ilikuwa dukani kabla sinema haijatoka tarehe 25 Mei 1977. Chaykin alifanyia kazi maandishi ya sinema na picha za matayarisho. Ndiyo maana Jabba ni jitu jembamba la njano lenye ndevu za paka, sura ya Jabba tunayemjua ilikuwa bado haijakuwepo. Na ndiyo maana Biggs, rafiki wa Luke, yupo mwanzoni akiongea naye, kipande ambacho sinema walikikata.

Tatu_Msomaji
Kumbe! Basi hata ile Yoda wa zambarau mwenye nywele ndefu nyeupe niliyoiona mtandaoni ni kweli?

KisaChaConan
Kweli kabisa. Ni Empire Strikes Back ya mwandishi Archie Goodwin na Williamson, toleo la kitabu kidogo. Walichora kwa michoro ya awali ya Yoda, kwenye komiki ya kila mwezi wakarekebisha akawa yule wa kijani.

Mzee_Kipanya_Mdogo
Hapa ndipo panaponoga. Mchoraji hajaiona sinema, ana picha chache mkononi, kwa hiyo mpangilio wa fremu ni wake mwenyewe, hawezi kuiga kamera. Linganisha na komiki za leseni za siku hizi, mchoraji ana sinema nzima kwenye kompyuta anasimamisha anakopi uso wa mwigizaji kama ulivyo. Uso unafanana ndiyo, lakini umeganda. Kwenye fremu moja Han anacheka kicheko cha kwenye picha ya gazeti wakati maneno yanasema ana hofu. Kutoiona sinema kuliwasaidia.

MtaaWaPili
Mzee hiyo nayo haisimami. Walter Simonson aliiona Alien ikiwa bado haijamalizwa kuhaririwa, kisha akachora Alien: The Illustrated Story, 1979, Goodwin ndiye mwandishi. Na kile kitabu ndicho bora kuliko vyote vya sinema. Herufi za John Workman zimekaa ndani ya mchoro kama sehemu ya mchoro. Kaona sinema na bado hajaiga kamera. Ni mtu, siyo mazingira.

Salma_wa_Mvita
Na Jack Kirby? 2001: A Space Odyssey, ile kubwa ya 1976. Sinema ni kimya, mwanzo wote wa nyani hakuna anayeongea. Kirby akajaza maelezo kila fremu, anakueleza nyani anawaza nini. Michoro inatisha kwa ukubwa, yale maumbo ya anga hakuna mwingine angeyachora, halafu maneno yanakuja kukushika mkono. Namuweka Kirby na Hama pamoja darasani makusudi, mmoja kapewa hadithi ya kimya akaijaza maneno, mwingine kapewa hadithi ya kelele za risasi akaifanya kimya.

FundiWino
Kirby alikuwa anachora kwa nguvu zake, muache. Yale maneno ukiyaruka kitabu kinabaki kizima.

Salma_wa_Mvita
Mwanafunzi hawezi kuyaruka @FundiWino, yameandikwa kwenye boksi la njano juu kabisa, ndicho kitu cha kwanza jicho linakutana nacho.

PwaniTupu
Nikiongeza kwa sisi Waafrika, mtu asome Godzilla: The Half-Century War ya James Stokoe, kampuni ya IDW, 2012 kuendelea. Kaandika na kuchora mwenyewe. Askari mmoja anamfuata Godzilla miaka hamsini, na toleo la tatu lipo Ghana mwaka 1975. Mngurumo wa Godzilla haukuandikwa juu ya picha, umechorwa unapita katikati ya majengo, herufi zenyewe zina moshi. Anachofanya kwenye fremu ni kukuweka chini, usawa wa mtu wa mtaani, jengo mbele, halafu mguu. Ukubwa wa lile dude unaupata kwa sababu kakunyima kuliona lote.

nyota_ya_Lushi
Hiyo ya Ghana naitafuta. Maana Afrika kwenye komiki za leseni tumeumizwa sana. Tarzan wa Burne Hogarth, kurasa za Jumapili toka 1937, miti ile imejipinda kama misuli, mwili unaruka toka fremu hii hadi ile, ni fundi, sikatai. Lakini watu wetu mule ndani wamechorwa vibaya na mwenye hadithi, Burroughs, hakuwahi kukanyaga Afrika. Hata chui milia alimweka msituni kwenye hadithi ya kwanza ya 1912 ilipotoka gazetini, kwenye kitabu ndiyo akageuzwa simba jike. Sasa niusifie mpangilio nikae kimya kwa hayo mengine?

Rangi_na_Kivuli
Ndugu usikae kimya. Mimi nilijifunza kuchora mwili unaoruka kwa kumkopi Hogarth, na watu weusi wa mule nilikuwa nawachora upya kwa sura za jirani zangu Temeke. Ule mkao wa mwili nimebaki nao, sura zile sikuzichukua.

buda_wa_Umoja
Hapo umesema msanii. Sina utani.

Kalamu_Nyeusi
Wakuu mmeniongezea kazi. Swali lingine dogo, kama kurasa hizi ni nzuri hivi mbona kwenye vitabu vya kufundishia upangaji zinatajwa kidogo? Watu wote ni ile komiki ya mashujaa, Watchmen, Watchmen.

MtaaWaPili
Leseni ikiisha kitabu hakichapwi tena. Rom iliishi matoleo 75, 1979 hadi 1986, mdoli wenyewe ulikufa mapema sana, na baada ya hapo haki zikagawanyika, Marvel hawakuweza kuichapa upya hadi 2024 ndiyo yakatoka yale mabuku makubwa. Kizazi kizima hakikuiona. Utafundisha kitu ambacho mwanafunzi hawezi kununua?

JichoLaTatu
Ni hivyo lakini GI Joe 21 imechapwa mara nyingi na bado walimu wengi hawaigusi. Nadhani ni aibu ya mdoli. Mtu anaona jina la Hasbro anafunga kitabu.

Mzee_Kipanya_Mdogo
Na Rom yenyewe, matoleo ya mwisho alichora Steve Ditko. Mnaona tofauti? Kwa Buscema Rom ni mzito, ardhi inamvuta. Kwa Ditko mikono inapinda, vidole vinaongea. Bati lile lile, macho mawili yale yale.

FundiWino
Ditko pale alichoka mzee, mandhari ya nyuma matupu kabisa, fremu baada ya fremu hakuna kitu.

Mzee_Kipanya_Mdogo
Matupu ndiyo yanakufanya utazame vidole! Lete ukurasa wowote wa Buscema wenye mikono kama ile.

KisaChaConan
Kabla hamjapigana kwa ajili ya Rom someni Micronauts ya Michael Golden kwanza, 1979, matoleo kumi na mbili ya mwanzo. Midoli pia, ya Mego. Watu wadogo kwenye bustani ya nyumba ya kawaida, nyasi zimekuwa msitu, na mwanga wake unatoka upande mmoja tu kama ile karatasi ya Wood. Kesho nikipata muda napiga picha kurasa mbili naziweka hapa, dada Salma uzibandikie vikaratasi vyako uwaulize watoto.

Salma_wa_Mvita
Ziweke. Ila usitupe jina la mchoraji mpaka watoto wamejibu.